Pikipiki Sita Katika Milima ya Ulaya

Mhariri ameniomba niwaeleze jinsi watu wanavyosafiri kwa pikipiki katika nchi za Ulaya, kwa kuwa baadhi yenu mliokwisha maliza masomo mmeniandikia mkiuliza kama jambo hilo lawezekana kwa mtu wa kwetu. Mimi nakaa katika mji wa Köln, nchini Ujerumani, nikifanya kazi katika karakana ya mashine. Mwezi wa Julai, mwaka 2023, mimi na rafiki zangu watano tulikwenda likizo ya siku kumi, kila mtu juu ya pikipiki yake, tukapita nchi sita: Ujerumani, Luxembourg, Ufaransa, Uswisi, Italia na Austria. Nitawaeleza njia na sheria zake, lakini zaidi nitaeleza namna kundi linavyoweza kwenda pamoja na kurudi pamoja, maana jambo hilo ni gumu kuliko milima yenyewe.

Kwetu pikipiki ni chombo cha kazi. Neno bodaboda lilizaliwa mpakani pa Kenya na Uganda, upande wa Busia, ambako vijana walibeba watu kwa baiskeli kutoka mpaka mmoja hadi wa pili. Leo bodaboda hupeleka mgonjwa hospitali, mtoto shule, na gunia la mahindi sokoni. Katika nchi za Ulaya kazi hizo hufanywa na treni, mabasi na motokaa, na wengi wanaonunua pikipiki kubwa huzinunua kwa ajili ya matembezi. Nchi ya Ujerumani ina haki ya kuzionea fahari, maana Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walitengeneza chombo cha magurudumu mawili chenye injini ya petroli huko Cannstatt, mwaka 1885. Kiunzi chake kilikuwa cha mbao.

MATAYARISHO

Jambo la kwanza ni leseni. Katika Ujerumani huwezi kujifunza pikipiki uwanjani kwa jamaa yako kisha ukaingia barabarani. Ni lazima uende shule ya udereva, usome sheria, upate mafunzo ya huduma ya kwanza, na kuendesha safari maalum pamoja na mwalimu: tano katika barabara za mashambani, nne katika barabara kuu za magari, na tatu usiku. Kijana wa miaka 16 aweza kupewa leseni ya pikipiki ndogo tu. Pikipiki yenye nguvu yoyote huruhusiwa mtu wa miaka 24, au wa miaka 20 ikiwa amekwisha kuwa na leseni ya daraja la kati kwa miaka miwili. Mgeni anayehamia huko na leseni ya kwao aweza kuitumia kwa miezi sita. Baada ya hapo hana budi kufuata taratibu za Ujerumani.

Jambo la pili ni karatasi. Mtu anayetoka kwetu kwa matembezi ahitaji viza, nayo humruhusu kukaa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Sisi tulikuwa wakazi wa Ujerumani, hivyo pasipoti na vibali vyetu vya kukaa vilitosha kwa nchi zote sita. Lakini msidhani kwamba mipaka ikiwa wazi basi pasipoti iachwe nyumbani. Serikali yaweza kurudisha ukaguzi kwa muda, na askari aweza kukuuliza popote.

Jambo la tatu ni mavazi. Kofia ngumu ni sheria kila mahali. Ufaransa iliamuru mwaka 2016 kwamba kila mwendeshaji avae glavu, na pia awe na fulana ya kung'aa ya kuvaa akikwama barabarani. Austria hudai mwenye pikipiki achukue mkoba wa huduma ya kwanza. Pamoja na hayo, sisi tulivaa makoti mazito na mabuti marefu yenye kinga ngumu kwenye kifundo cha mguu. Siku ya joto mabuti hayo ni mateso, na mmoja wetu aliyanung'unikia tangu Köln. Baadaye mtaona kwa nini hakunung'unika tena.

Fedha nazo hutofautiana. Nchi tano kati ya zile sita hutumia euro, ambayo noti zake zilianza kutumika mwaka 2002. Uswisi ina faranga zake. Tena, ukitaka kupita katika barabara kuu za Uswisi ni lazima ununue stika ya faranga 40 ambayo ni ya mwaka mzima, hata kama utapita siku moja tu.

KANUNI ZETU SITA

Kundi letu lilikuwa la watu wa namna mbalimbali. Kulikuwa na Wajerumani wawili, mmoja mwalimu na mwingine seremala, Mwitaliano mmoja, mpishi, Mganda mmoja, dereva wa lori, dada mmoja wa Kitanzania, mwuguzi wa hospitali, na mimi. Seremala na mpishi walikuwa wameendesha milimani mara nyingi. Dada yetu alikuwa na leseni ya mwaka mmoja tu. Basi kabla ya kuondoka tuliketi nyumbani kwa mwalimu, tukaandika kanuni sita, na kila mtu akatia sahihi.

Ya kwanza: kiongozi ni mmoja, na mlinzi wa nyuma ni mmoja. Mwalimu aliongoza, mimi nilikuwa wa mwisho, na hakuna aliyeruhusiwa kubaki nyuma yangu.

Ya pili: tusiende sambamba wala tusifuatane katika mstari mmoja. Mmoja hushika upande wa kushoto wa njia yetu, anayefuata hushika upande wa kulia, na aliye moja kwa moja mbele yako awe mbali kwa mwendo wa nukta mbili. Hivyo kila mtu huona mbali na hupata nafasi ya kufunga breki. Kwenye kona, kila mtu huchukua njia yake mwenyewe.

Ya tatu: kila mtu amwangalie aliye nyuma yake katika kioo. Asipomwona, apunguze mwendo, asipomwona bado, asimame mahali pa salama, asipotokea, arudi. Kwa njia hiyo habari hupanda kutoka mkiani hadi kichwani bila simu wala kelele.

Ya nne: tutatia petroli kwa kipimo cha tangi lililo dogo kuliko yote. Tangi dogo lilikuwa la mpishi, kwa hiyo tulisimama kila kilomita 150.

Ya tano: asiwepo wa kumpita mwenzake, wala wa kugusa bia mpaka pikipiki zimefungwa usiku.

Ya sita iliandikwa kwa maneno manne: Sita tunaondoka, sita tunarudi.

Tulipoandika kanuni hii ya mwisho tulicheka kidogo, maana ilionekana kama kiapo cha watoto.

NJIA TULIYOPITA

Siku ya kwanza tulifuata mto Mosel, ambao huungana na mto Rhine huko Koblenz. Kingo zake ni miteremko mikali iliyopandwa mizabibu mpaka juu, na barabara huzunguka pamoja na mto. Jioni tulilala karibu na Schengen, kijiji kidogo cha Luxembourg mahali nchi tatu zinapokutana. Hapo, ndani ya meli iliyotia nanga mtoni, nchi tano zilitia sahihi tarehe 14 Juni, 1985, kwamba zitaondoa ukaguzi katika mipaka yao. Mipaka ilifunguliwa mwaka 1995, na leo nchi zilizomo ni 29. Asubuhi tulivuka daraja tukaingia nchi nyingine, na hakuna aliyetuuliza neno. Yule Mganda, aliyepata kuendesha lori kutoka Mombasa hadi Kampala, alisimama darajani akatazama nyuma. Akasema, "Ndugu yangu, pale Malaba nilikuwa nikilala foleni siku mbili."

Hapa nieleze jambo la upande wa barabara. Kenya, Uganda na Tanzania hushika kushoto, kama Uingereza. Rwanda, Burundi na Kongo hushika kulia, na ndivyo ilivyo katika karibu nchi zote za bara la Ulaya. Sweden nayo ilishika kushoto mpaka tarehe 3 Septemba, 1967, ilipohamia kulia. Mtu wa kwetu hujifunza upesi kushika kulia palipo na magari mengi, maana huwafuata wengine. Hatari iko asubuhi na mapema, unapotoka kituo cha petroli na barabara haina mtu. Ndipo mkono hurudi kwenye desturi ya zamani. Sisi tuliotoka Afrika Mashariki tulibandika mshale mwekundu kwenye tangi, kuelekea kulia.

Siku ya pili tulishuka mpaka Colmar, katika Ufaransa. Siku ya tatu tulipanda milima ya Vosges kwa barabara ambayo jeshi la Wafaransa liliitengeneza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ili kupeleka vyakula na silaha bila kuonekana na adui. Usiku tukalala Luzern, nchini Uswisi. Mpaka hapo mambo yalikuwa mazuri, na seremala alianza kusema kwamba tunakwenda polepole mno.

UKUNGU WA FURKA

Siku ya nne tulipanda mlima halisi. Barabara za milima ya Alps hupita katika mabonde ya juu yanayoitwa pasi, na kila pasi ina urefu wake juu ya bahari: Grimsel ni mita 2,164, Furka ni mita 2,429. Huwezi kupita huko wakati wa baridi, kwa kuwa theluji huzifunga, na nyingi hufunguliwa mwezi wa Mei au Juni. Barabara hupanda kwa kona za kugeuka kabisa, hata mtu huona chini ya miguu yake njia aliyotoka.

Kona hizo zina kanuni yake. Kwa kuwa tunashika kulia, kona inayogeuka kulia huwa fupi na yenye mwinuko mkali, kwani mpandaji hupita upande wa ndani. Yapasa kuingia na gia ndogo, kuacha injini ivute bila kukatika, na kutazama pale unapokwenda, si pale ulipo. Macho yakitangulia, pikipiki hufuata. Sisi tuna methali isemayo mwenda pole hajikwai, lakini pikipiki haiijui. Magurudumu mawili husimama kwa sababu yanakwenda. Mwendo ukipungua kupita kiasi, uzito wa kilo 200 huanguka upande mmoja, na hakuna mguu wa mtu utakaouzuia.

Tulipotoka Gletsch kupanda Furka, ukungu ulishuka na mvua nyembamba ikaanza. Niliona taa ya nyuma ya dada yetu tu, hatua thelathini mbele. Katika kona moja ya kulia, motokaa iliyokuwa ikishuka ilitokea ghafula katika ukungu, ikapita. Dada alifunga mkono wa petroli kwa kushtuka, injini ikazimika, pikipiki ikaanguka upande wa kulia na mguu wake ukabaki chini.

Nilisimamisha pikipiki yangu, nikawasha taa zote za hatari, nikamkimbilia. "Dada, umeumia wapi?" Akajibu kwa sauti tulivu, "Mguu uko chini ya injini, kaka. Usiniinue. Zuia magari kwanza."

Alisema kweli, na ni kazi yake ya hospitali iliyomfundisha. Alikuwa amelala katikati ya kona, na gari lolote lingeweza kuja kutoka chini au kutoka juu. Mimi ni mtu mmoja. Nikishuka kuzuia ya chini, juu hapana mtu. Niliteremka hatua hamsini nikiwa na fulana ya kung'aa na tochi, nikapunga. Motokaa moja ikasimama, ndani yake mzee na mkewe. Lakini masikio yangu yalikuwa juu, maana nilisikia injini ikishuka.

Ilikuwa pikipiki ya yule Mganda. Alikuwa mbele ya dada, na alipotazama kioo hakuona taa. Alipunguza mwendo, akasimama, akahesabu dakika moja, akageuka. Alipoona taa zangu za hatari zikimulika katika ukungu aliweka pikipiki yake kwenye ukingo juu ya kona na taa zake zikiwaka, akavaa fulana, akasimama kuyazuia magari ya juu. Basi barabara ikafungwa pande zote mbili. Baada ya nusu dakika basi dogo lilitokea juu likasimama mbele yake. Mimi na yule mzee tuliinua pikipiki, na mke wa mzee akamvuta dada kwa mabega.

Nchi za Ulaya zina namba moja ya simu ya dharura, 112, na Uswisi pia hujibu. Lakini dada alijikagua mwenyewe akasema mfupa haukuvunjika, akaomba kupelekwa kwa daktari tu. Wale wazee walimchukua katika motokaa yao mpaka Andermatt, ng'ambo ya mlima, na pikipiki yake tukaisukuma mahali pa kuegesha. Daktari alithibitisha maneno yake: mguu umevimba, lakini kifundo ni kizima, kwa sababu ya buti. Akaamuru siku mbili za kupumzika.

MASHAURI YA ANDERMATT

Jioni ile, mezani, ndipo safari ilipokuwa karibu kuvunjika. Seremala alisema bila ubaya wowote kwamba likizo ni siku kumi, na shabaha yake tangu mwanzo ilikuwa barabara ya Grossglockner nchini Austria, iliyofunguliwa mwaka 1935, ambayo hakuwahi kuiona. Akashauri wanne waendelee, wawili wabaki. Mpishi alikubaliana naye. Dada mwenyewe akasema, "Nendeni, msipoteze likizo yenu kwa ajili yangu."

Wasomaji, maneno kama hayo ni ya heshima, na mara nyingi kundi huvunjwa na heshima kuliko ugomvi. Mgonjwa husema nendeni kwa adabu, nao wengine hukubali kwa adabu, kisha kila mmoja hurudi nyumbani akiwa na doa moyoni. Mwalimu hakumjibu mtu. Alitoa ile karatasi yenye sahihi sita, akaiweka juu ya ramani. Seremala aliisoma, akanyamaza kwa kitambo, kisha akachukua kalamu akaifuta Grossglockner kwa mstari mmoja. Akasema, "Mlima hauhami." Nikamwambia kwamba kwetu husema milima haikutani, lakini binadamu hukutana. Alitaka nimwandikie maneno hayo kwa Kiswahili nyuma ya ramani.

Siku mbili zile hazikupotea. Mimi na yule Mganda tulirudi Furka kwa pikipiki moja kuichukua ya dada. Ukungu ulikuwa umeondoka, tukaona barafu ya Rhone, ambayo ndiyo chanzo cha mto Rhone uendao mpaka bahari ya Mediterania. Katikati ya karne ya 19 barafu hiyo ilishuka hadi bondeni Gletsch. Leo imerudi juu mlimani, na wakati wa joto watu huifunika sehemu yake kwa mablanketi meupe ili isiyeyuke upesi. Tulikumbuka barafu za Mlima Kenya na Kilimanjaro, ambazo nazo zinapungua.

KUMALIZIA SAFARI

Siku ya saba tuliondoka sita. Tulipanda pasi ya Oberalp, karibu na chanzo cha mto Rhine. Kule ni kijito cha kurukwa na mtoto. Kwetu Köln meli kubwa hupishana ndani yake. Jioni tukafika Prato, katika Italia, chini ya pasi ya Stelvio.

Barabara ya Stelvio ilijengwa miaka ya 1820 hadi 1825 na mhandisi Carlo Donegani, kwa amri ya dola ya Austria iliyotawala Milano wakati ule. Kutoka Prato ina kona 48, na kila moja ina kibao chenye namba. Huishia mita 2,757 juu ya bahari. Msistaajabie urefu huo kupita kiasi, kwani ni karibu sawa na Timboroa, ambapo matatu za Eldoret hupita kila siku. Tofauti ni kwamba Stelvio hupanda zaidi ya mita 1,800 kwa kilomita 25 hivi.

Safari hii tulibadili mpangilio. Dada aliwekwa wa pili, nyuma ya mwalimu, na seremala akaomba mwenyewe kuwa nyuma ya dada. Hivyo mwendo wa dada ukawa mwendo wa wote. Tulipanda polepole, lakini si polepole mno. Kila kona ya kulia niliona kofia yake ikigeuka mapema kutazama juu. Kileleni alizima injini, akavua glavu, akakaa juu ya jiwe bila kusema neno. Seremala alimletea chai.

Tuliteremka kwa pasi ya Umbrail, kisha tukapita ziwa la Resia, ambamo mnara wa kanisa umesimama peke yake majini. Kijiji chake kilifunikwa mwaka 1950 kwa ajili ya bwawa la umeme. Baada ya siku mbili tulikuwa Köln, tumekwenda karibu kilomita 2,000.

Ninyi mtakaosafiri kwa kundi, iwe ni Ulaya kwa pikipiki au Naivasha kwa baiskeli, shikeni mambo haya. Andikeni kanuni wakati mmeshiba na hakuna mwenye haraka, kwa maana mtazihitaji mkiwa na njaa na baridi. Kipimo cha mwendo kiwe yule asiye na nguvu nyingi, na kipimo cha petroli kiwe tangi dogo. Mwangalieni aliye nyuma kuliko aliye mbele. Nunueni mabuti mazuri kabla ya kununua pikipiki kubwa.

Nawatakia wanafunzi heri katika mitihani, na wazee wa shule safari njema popote walipo. Mwaka ujao, Mungu akipenda, sisi sita tutakwenda Grossglockner.

Mwanafunzi wa zamani, Köln